Kumhudumia Mwanafunzi Mwenye Kisukari: Mwongozo kwa Walimu wa Bukavu

Mwongozo huu nauandika nikiwa muuguzi, kwa ajili ya mwalimu aliyempokea darasani mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, yaani mtoto ambaye mwili wake hautengenezi insulini, dawa ya asili ya mwili inayoshusha sukari ya damu, na ambaye hana budi kudungwa sindano za insulini kila siku.

1. Kabla ya masomo kuanza, kutaneni na mzazi pamoja na mtoto mwenyewe, mwandike kwenye karatasi moja saa za sindano, saa za kula, dalili zinazompata sukari ya damu inaposhuka, na simu za watu wawili. Kila anayemfundisha apewe nakala, si mkurugenzi peke yake.

2. Wekeni ndani ya darasa sukari ya kumpa mtoto pale sukari ya damu yake inaposhuka. Shule nyingi huifungia ofisini, nami napinga desturi hiyo, kwa sababu katika mji wa miteremko kama wetu ofisi huwa juu ya ngazi ambazo mtoto anayetetemeka hawezi kuzipanda.

3. Mtoto akitokwa na jasho, akitetemeka, akighadhibika bila sababu au akisinzia ghafla, mpimeni sukari ya damu. Kipimo kikiwa chini ya 70 mg/dl (miligramu 70 za sukari katika desilita moja ya damu), mpeni gramu 15 za sukari: vijiko vidogo vinne vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya chupa ya sentilita 30 ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 mpimeni tena, na kama haijapanda, rudieni. Ikishapanda, na mlo ukiwa bado mbali, ale mkate au ndizi. Vijiti vya kupimia vikiwa vimekwisha, msingoje, kwa maana sukari iliyozidi kidogo kwa muda mfupi haina hatari kubwa, ilhali kuchelewa kunaweza kumletea degedege. Asiachwe peke yake, wala asirudishwe nyumbani bila mtu.

Akizimia, mlazeni ubavu, msimtie chochote kinywani, msimdunge insulini, na mumkimbize hospitalini. (Wanaosema amelewa au amerogwa wasubiri nje.)

4. Sukari ikipanda, mtoto huona kiu na kukojoa mara kwa mara; basi anywe maji na aende msalani bila kuomba ruhusa. Akianza kutapika, kuumwa tumbo, au kuhema kwa nguvu huku pumzi yake ikinukia kama matunda, afikishwe hospitalini mara moja.

5. Kabla ya michezo apimwe, na ale kitu kidogo ikibidi. Kumbukeni kwamba mtoto aliyepanda mlima wa Kadutu kwa miguu asubuhi amekwisha kufanya mazoezi.

6. Chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa hudumu takriban wiki nne mahali penye joto lisilozidi nyuzi 30. Darasa la mabati laweza kupita kiwango hicho mchana, kwa hiyo iwekwe kivulini, ndani ya kikopo kilicho katika chungu cha udongo chenye unyevu. Sindano zilizotumika zitiwe katika chupa ngumu yenye kifuniko, nayo ikijaa ipelekwe kituo cha afya.