Taa nane za testa zimewaka, mtandao bado unasuasua: pima kebo hivi

Hapa nazungumzia kebo za mtandao za shaba, za daraja la Cat5e na Cat6, za ofisini na madarasani. Ndani kila moja ina nyuzi nane, zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne. Uwe na testa ya taa nane, koleo la kubania, plagi kadhaa za RJ45 (zile za mwisho wa kebo ya mtandao) na kompyuta yenye poti ya gigabiti, yaani ya megabiti 1000 kwa sekunde.

1. Kagua kwa macho. Ifuate kebo kutoka kwenye raki ya vifaa vya mtandao hadi ukutani. Tafuta palipokunjwa kwa nguvu, palipokandamizwa na mguu wa meza, palipotafunwa na panya. Plagi yenye klipu iliyovunjika usiifunge kwa gundi. Ikate uweke nyingine. Majengo ya pwani, angalia kama pini zimeota ukijani.

2. Chomoa pande zote mbili. Kebo za kamera na simu za mezani mara nyingi zimebeba umeme, na testa ya bei rahisi haiupendi.

3. Washa testa. Taa zifuatane 1 hadi 8 pande zote. Isiyowaka, uzi umekatika au haukufika kwenye pini. Mbili zikiwaka pamoja, nyuzi zimegusana. Zikirukana, rangi zimepishana. Bana upya upande mmoja kwanza, kisha pima tena kabla ya kugusa wa pili.

4. Taa zote zikiwaka, soma rangi. Hapa ndipo mafundi wengi hudanganyika. Mtu hupanga nyuzi jozi kwa jozi, kijani kando ya kijani, bluu kando ya bluu, pande zote mbili sawasawa. Testa inapita bila kasoro, kwa sababu inapima tu kama uzi umefika. Lakini pini ya 3 na ya 6 hufanya kazi kama jozi moja, na kwa mpangilio huo zimepata nyuzi za misokoto miwili tofauti. Msokoto ndio unaozuia jozi moja isiingilie nyingine. Kebo ya mita mbili huenda ikakuvumilia. Ya mita arobaini itapoteza data. Fuata T568B, mpangilio sanifu wa rangi kuanzia pini ya 1 hadi ya 8: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wakati wa kubana, usifumue msokoto zaidi ya milimita 13.

5. Pima kasi. Unganisha kompyuta na swichi ya gigabiti (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao). Kwenye Linux andika `ethtool` na jina la kadi ya mtandao. Kwenye Windows fungua sifa za Ethernet. Ukiona 100 badala ya 1000, shuku kwanza nyuzi za bluu na kahawia: kasi ya 100 inatosheka na jozi mbili, gigabiti inataka zote nne. Halafu acha `ping`, amri inayotuma ujumbe mfupi na kungoja jibu, iende kwenye rauta huku ukitikisa plagi taratibu. Majibu yakikatika, umempata mchawi.

6. Urefu na madini. Mwisho ni mita 100, yaani 90 za ukutani na 10 za kuunganishia. Kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Hiyo hukatika upesi na hupata joto ikibeba umeme. Mimi siipitishi ukutani hata mteja akilalamikia bei.

7. Matunzo. Andika namba ileile pande zote mbili za kebo, na kwenye daftari weka kasi uliyoipata na tarehe. Kebo ya data isilale sambamba na ya umeme. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba. Kati ya jengo na jengo tumia faiba (kebo ya nyuzi za kioo), maana shaba huleta radi hadi kwenye swichi.