Somo: Kupata mahali eksirei zinapotokea kwa lenzi ya mvutano

Chandra, darubini ya eksirei iliyorushwa 1999, ina jicho kali kuliko zote za aina yake, ila uwezo wake unaishia kwenye nusu sekunde ya pembe (sekunde ya pembe ni digrii moja ikigawanywa kwa 3,600). Kwa galaksi ya mbali sana, nusu sekunde hiyo inameza maelfu ya miaka ya nuru. Utajuaje basi kama eksirei zinatoka kando ya shimo jeusi au kwenye mkondo wa gesi uliofyatuka mbali nalo? Hapo ndipo galaksi nyingine iliyokaa njiani inatufaa: uzito wake hupinda na kukuza mionzi (hiyo ndiyo lenzi ya mvutano), na chanzo kimoja kikatokea mara mbili, tatu au nne, kama taa ukiitazama kupitia kitako cha glasi.

Hatua ya 1. Chagua mfumo. Mimi napenda MG B2016+112, chanzo cha mbali kilicho nyuma ya lenzi kama hiyo. Mionzi yake imesafiri karibu miaka bilioni 12. Data za Chandra ni bure, na programu ya DS9 ya kuzifungulia pia ni bure.

Hatua ya 2. Tengeneza modeli ya lenzi. Hapa msikimbilie. Darubini za redio zilizounganishwa kuvuka mabara hupima nafasi za picha hadi sehemu za elfu moja za sekunde ya pembe. Zitumie kukadiria uzito wa galaksi ya katikati umekaaje. Modeli mbovu, jibu bovu, hata data ziwe tamu namna gani.

Hatua ya 3. Weka chanzo cha kubuni, piga hesabu picha zake zingeangukia wapi, linganisha na fotoni (chembe za mionzi) zilizonaswa na Chandra, sogeza kidogo, rudia. Penye ukuzaji mkubwa, chanzo kikisogea kiduchu picha inaruka. Siri yote iko hapo. Wanaastronomia Schwartz, Spingola na Barnacka walifanya hivyo kwa MG B2016+112 wakatoa matokeo 2021: vyanzo viwili, ama mashimo meusi mawili, ama shimo moja na mkondo wake.

MASWALI (kwa mji wa muulizaji)

Kasese: Mwalimu, nikipanda Rwenzori na darubini yangu sitaziona eksirei hizo?
Jibu: Hata kileleni Margherita, mita 5,109, hutaziona ndugu yangu. Hewa huzifyonza zote. Tafuta laptopu na bando la usiku.

Arua: Mbinu hii inafaa kwa galaksi yoyote?
Jibu: La. Lazima galaksi ya mbali na ile ya njiani zipangane karibu mstari mmoja nasi, na hilo ni nadra.

Mbarara: Kwa nini tusilinganishe mwangaza wa picha tu, yaishe?
Jibu: Njia hazilingani urefu. Kwenye Q0957+561, lenzi ya kwanza kugunduliwa (1979), picha moja huchelewa nyuma ya mwenzake siku kama 417. Chanzo kikibadilika, unalinganisha leo na mwaka jana. Isitoshe, nyota za galaksi ya katikati hukuza picha moja zikaiacha nyingine. Nafasi haisumbui hivyo.