Namna ya kuandika manukuu ya Kiswahili kwa tamthilia ya Cleopatra

Tamthilia ya Cleopatra iliyorushwa na ABC ya Marekani mwaka 1999, Leonor Varela akiwa malkia, Timothy Dalton akiwa Caesar na Billy Zane akiwa Mark Antony, ina sehemu mbili tu. Kwa anayejifunza kuandika manukuu, yaani yale maandishi ya chini ya skrini, urefu huo unafaa sana: kazi inamalizika, na njiani unakutana na karibu kila mtego wa lugha yetu.

Anza na majina, kabla hujatafsiri hata mstari mmoja. Ukiandika Caesar leo na Kaisari kesho, mtazamaji atadhani ni watu wawili. Wasomaji wa Biblia wamezoea Kaisari. Waliosoma tafsiri ya Nyerere wamezoea Juliasi Kaizari. Chagua moja, liandike kwenye daftari, lifuate. Kumbuka pia kwamba baada ya Caesar kuuawa mwaka 44 KK, mrithi wake Octavius alichukua jina hilohilo la Caesar. Hata mhusika akimwita hivyo, wewe andika Octavius mpaka mwisho.

Cheo cha mfalme wa Misri kinataka uangalifu zaidi. Biblia ina Farao na Kurani ina Firauni, lakini kwa Waswahili kumwita mtu firauni ni kumtukana: ni mtu muovu, asiye na haya. Antony akimwita mpenzi wake hivyo, watu watacheka pale panapotakiwa machozi. Andika Malkia. Na Ptolemy XIII, aliyetawala pamoja na Cleopatra, alikuwa mdogo wake; mwache Cleopatra aseme "mdogo wangu", maana "kaka yangu" humfanya mtoto yule aonekane mkubwa. Nyoka anayemuua Cleopatra mwishoni ni swila, si kifutu.

"Anampenda" nayo haisemi kama ni mume au mke. Octavia, mke wa Antony, akitajwa pamoja na Cleopatra, weka jina hata kama mhusika hakulitamka.

Kisha vipimo. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 42 pamoja na nafasi, na msomaji apewe sekunde moja kwa kila herufi 17 hivi. Vitenzi vyetu ni virefu, kwa hiyo punguza bila huruma. "Tutakapowasili Tarso, Antony atakuwa ananisubiri." ina herufi 49. "Antony ananisubiri Tarso." ina 25, na maana imebaki. Manukuu yasikae skrini zaidi ya sekunde 7. Yakizidi, watu huanza kuyasoma upya.

Manukuu huhifadhiwa kwenye faili la SRT, ambalo huandikwa hivi: namba ya kipande, muda wa kuanza na wa kuisha, kisha maneno, na mstari mtupu kati ya kila kipande:

214
00:41:07,300 --> 00:41:09,800
Antony ananisubiri Tarso.

Kabla ya milisekunde ni mkato, si nukta. Ukiweka nukta, baadhi ya TV hazitaonyesha kitu. Tumia Notepad au Subtitle Edit, programu ya manukuu ambayo ni ya bure. Word hugeuza ritifaa (alama ya ' ) iliyonyooka kuwa ya kupinda, na kwenye TV za zamani "ng'ambo" hutokea kama "ngâ€™ambo". Hifadhi kwa UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi unaouchagua unapohifadhi faili, kisha lipe faili jina lilelile la video.

Kosa linalowakatisha watu tamaa ni maneno kuanza sawa halafu kuachana na midomo kidogo kidogo. Hapo kasi ya picha hazilingani: manukuu yamepimwa kwa picha 23.976 kwa sekunde, video yako ni ya 25. Kufikia mwisho wa saa nzima, yamechelewa kama dakika mbili na nusu. Vitufe vya G na H vya VLC, programu ya kuchezea video, husogeza yote kwa kiasi kimoja, havitakusaidia hapa. Ndani ya Subtitle Edit badilisha kasi kutoka 23.976 kwenda 25, halafu kagua mstari wa kwanza, wa katikati na wa mwisho wa kila sehemu, kwenye TV ileile watakayotazamia.