Jinsi ya kupiga "Need You Now" ya Lady A kwa gitaa moja na sauti mbili

Kibao hiki kilitoka Agosti 2009, enzi hizo kundi hili la country la Marekani bado wanaitwa Lady Antebellum, jina walilifupisha 2020. Hillary Scott, Charles Kelley na Dave Haywood walikiandika wao wenyewe pamoja na mtunzi Josh Kear, na 2011 kikazoa Grammy za wimbo wa mwaka na rekodi ya mwaka. Wanafunzi wangu wengi huja nacho wakidhani ni kigumu, wala si kigumu, kinachowashinda ni subira tu.

Hatua ya 1: Tuni gitaa, funga kapo (kile kibano cha kubana nyuzi zote) freti ya 4, freti ni zile nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa. Ibane karibu kabisa na chuma cha freti, ukiiacha katikati nyuzi zinakoroma. Ukishafunga, tuni tena, maana kapo huvuta nyuzi kidogo.

Hatua ya 2: Kodi, yaani nyuzi kadhaa zinazolia pamoja, ni F, Am, C na Em. Kwenye F usihangaike na ile ya kulaza kidole nyuzi zote, shika ndogo: kidole cha shahada uzi wa 2 freti ya 1 (uzi wa 1 ndo ule mwembamba kabisa, na freti hesabu kuanzia kwenye kapo), cha kati uzi wa 3 freti ya 2, cha pete uzi wa 4 freti ya 3, uzi wa 1 uache wazi. Sasa nenda Am polepole huku unaangalia mkono wako. Umeona? Shahada haijatoka pale ilipo! Nenda C, bado ipo. Inanyanyuka kwenye Em peke yake, kwa hiyo ifanye ndo nguzo yako, vile vingine vizunguke, na hii kitu naipenda sana kwa kweli, mtu wa wiki tatu anajikuta anabadilisha kodi bila kukata mdundo.

Hatua ya 3: Beti ni F na Am, kwenda na kurudi. Chomoa uzi mmoja mmoja, usikwangue. Korasi ni C, Em, rudia, halafu shuka F, na hapo ndo mkono unafunguka. Nishawahi kukipiga ukumbini kwa nguvu tangu mwanzo, korasi ilipofika sina tena pa kupandia, watu wakarudi kwenye sahani zao.

Hatua ya 4: Ubeti wa kwanza aimbe mwanamke, wa pili mwanaume, korasi wote. Lakini jamani, hawa wawili wa kwenye wimbo hawaongei, kila mtu yuko peke yake, saa saba na robo usiku, pombe kichwani, anapigana na simu. Msiimbe mkitazamana kama maharusi. Anayeshika sauti ya pili amsikilize mwenzake, asimfunike.

Kama korasi inawakaba koo, shusha kapo freti ya 2, vidole vinabaki vile vile.