Kibao cha sabufa: sponji ibebe, skrubu isivuke

Sabufa ikitingisha vigae mpaka vyombo vilie kabatini, itenge na sakafu. Mwombe seremala mabaki ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18 akukatie vipande viwili, vizidi kitako cha sabufa kwa sentimita 3 kila upande. Katikati weka sponji ngumu ya sentimita 5. Uliza kwa mafundi makochi, Unga Limited ya Arusha au Mbuyuni ya Moshi.

Sponji ndiyo kazi yenyewe. Ikiwa laini italala kabisa, na ikishalala haizuii chochote. Sabufa ikikaa, ibonyee kama robo ya unene. Ikifika nusu, tafuta ngumu zaidi. Ikigoma kubonyea kabisa, ikate vipande vinne uweke kwenye pembe.

Bandika kwa gundi tu. Skrubu ikivuka ubao wa juu hadi wa chini, mtikisiko unapita humohumo. Paka vanishi kingo, kwani MDF hunywa maji ya deki ikavimba. Sabufa inayopigia chini, yaani spika yake inatazama sakafu, ibaki na miguu yake.

Jirani wa ukuta mmoja? Besi ya hewani bado itamfikia. Huyo dawa yake ni kupunguza sauti.