SOMO: Baiskeli ya mlimani ya kupanda na kushuka (soma kabla hujanitumia picha)

Wakuu, tangu nianze kuonyesha njia za Lushoto, haipiti wiki sijatumiwa picha ya baiskeli ya mtumba yenye swali lilelile: "Hii vipi, inapanda?" Nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Kipimo changu ni Mombo hadi Lushoto. Kilomita kama 33, unapanda karibu mita 1,000, na huko juu kuna njia za udongo mwekundu za Magamba na Irente ambazo masika zinateleza kama mlenda. Nataka baiskeli moja, siyo ya kupanda na nyingine ya kushukia.

1. Kimo. Simama umetanua miguu juu ya bomba la juu. Ibaki nafasi ya sentimita 5. Ikikugusa iache, hata ukipewa bure.

2. Gia. Hesabu meno, usihesabu gia. "Ina gia 21" siyo sifa. Chukua meno ya gia ndogo kabisa ya mbele, gawanya kwa meno ya ile kubwa kabisa ya nyuma. 22 kwa 34 ni 0.65, na 32 kwa 51 ni 0.63; hizo zinapanda. 32 kwa 42 ni 0.76, inataka miguu ya mazoezi. Ikikaribia 1, utaisukuma kuanzia Soni, njiani kabla ya Lushoto.

3. Breki. Diski, na za mafuta kama zipo. Zile za mpira wa kubana ringi zinachemsha ringi kwenye mteremko mrefu, na mvua ikinyesha unabana maji.

4. Magurudumu. Zungusha, tazama kama yanayumba.

5. Foku, yaani ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele. Hapa ndipo nilipoungulia.

Baiskeli yangu ya kwanza ya maana ilikuwa fremu nyepesi ya aluminiamu, nyuma haina springi, mbele foku nene yenye mwendo (kiasi springi yake inavyobonyea) wa milimita 150. Muuzaji akaniambia foku peke yake inazidi bei ya baiskeli nzima. Kweli ilizidi, nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Sikujua kwamba fremu ile ilitengenezwa kwa foku ya milimita 100 na kuna mtu alishaibadilisha. Kwa makadirio ya mafundi, kila milimita 20 zinazoongezeka mbele zinailaza baiskeli nzima nyuma kwa digrii 1 hivi. Yangu ililala digrii mbili na nusu, siti nayo ikarudi nyuma pamoja nayo. Kwenye kona za Soni gurudumu la mbele likawa linanyanyuka na kutangatanga kama mbuzi aliyekata kamba. Nikajilaumu mwenyewe, mara pumzi, mara kitambi. Kushuka ilikuwa raha tupu, ndiyo maana nilichelewa kushtuka.

Baada ya miezi kadhaa ikaanza kulia "ki!" kila nikibana breki ya mbele. Fundi akakaza gololi za shingo mara mbili. Siku moja naosha matope, naona ufa mwembamba kama unywele chini ya shingo ya fremu, pale inapoungana na bomba la chini. Ulikuwa umeshazunguka theluthi ya bomba. Siku mbili kabla nilikuwa nateremka kutoka Irente huku nacheka.

Foku ndefu ni wenzo mrefu, kila shimo linaibetua shingo ya fremu kuliko ilivyokusudiwa. Kwa hiyo:

- Tafuta aina na mwaka wa baiskeli, uone ilitoka kiwandani na foku ya milimita ngapi. Iliyopo ikiizidi hiyo kwa zaidi ya milimita 20, niite mchawi lakini usinunue.
- Futa maungio ya shingo kwa kitambaa, kisha pitisha pamba. Ikinasa, kuna ufa. Rangi iliyokunjamana, ondoka. Stika mpya mahali hapo, ibandue au ondoka.
- Usikubali kuchomelewa aluminiamu hapo. Joto linaondoa ugumu wa bomba, na bila kuitia tena moto wa kiwandani haurudi. Itakatika pembeni ya ulipochomelea.

Kwa matumizi yetu, foku ya 120 hadi 140 kwenye fremu iliyozaliwa nayo inatosha kabisa.

6. Cheni. Weka rula ya inchi, pini kwa pini. Pingili 24, kila moja nusu inchi, ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, hesabu cheni na gia za nyuma kwenye bei.

7. Tairi. Upana wa inchi 2.2 hadi 2.4. Basi.

MASWALI

Kichwa Ngumu: Mkuu somo zuri. Sasa ipi nzuri na bei gani?

Jibu: Soma 1 hadi 7.

Kichwa Ngumu: Nimesoma. Hii yangu ina gia 21, inapanda?

Jibu: Namba 2, sentensi ya pili.

Binti Uluguru: Shikamoo kaka. Umesema siti ilirudi nyuma. Kwani nikiisogeza mbele kwenye reli zake si tatizo limekwisha?

Jibu: Marahaba. Swali zuri, nami nilijaribu hivyohivyo. Inasaidia kidogo. Kwenye mwinuko mkali mlima wenyewe unakulaza nyuma, kwa hiyo bomba la siti linatakiwa liwe limesimama ili makalio yakae karibu na juu ya pedeli na kifua kilemee mbele. Baiskeli za siku hizi bomba hilo liko digrii 75 hadi 77. Za zamani nyingi ni 72 au 73. Reli itakupa sentimita mbili hivi, lakini mikono inasogea karibu na magoti na shingo ya foku inabaki imelala vilevile. Kama fremu yako ni nzima na foku ni yake, sogeza siti kisha uipime urefu: kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Wakati wa kushuka ishushe. Niambie ikikubali.

Binti Uluguru: Asante kaka, nitajaribu Jumamosi.

Mzee wa Ngong: Huku Nairobi nimeona mtumba wa springi mbele na nyuma, bei poa sana. Wewe umezikwepa kabisa.

Jibu: Sijazikwepa, nilinunua nilichoweza. Shika siti, inyanyue na kuishusha taratibu. Ukisikia mchezo kabla springi haijaanza kubonyea, bushi zimekwisha. Tazama pia kama shokapu ya nyuma imelowa mafuta. Zile nzito za bei rahisi za dukani zenye springi ya koili katikati, ukikanyaga zinadunda tu, nguvu zote zinaishia kwenye springi.

Kichwa Ngumu: Kwa hiyo unasema sisi wa hali ya chini tusiendeshe?

Jibu: Nimesema springi. Hali yako sijaigusa.

Fundi Tyubu: Naongeza kitu. Tairi zinawachanganya watu. Inchi 26 ya mlimani ni 559 (milimita za kipenyo pale tairi inapokaa kwenye ringi), ila 26 ya baiskeli nyingi za mjini za Kijapani ni 590, haziingiliani. Vilevile 29 ni 622, na ile 28 ya Phoenix ni 635. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi.

Jibu: Fundi, hii ingekuwa namba 8. Nilishabeba tairi ya 590 kutoka Tanga hadi Lushoto bure.

Fundi Tyubu: Na kabla ya kushuka jaribu breki kwanza. Mitumba ya Japani na Uingereza, mkono wa kulia ni breki ya mbele. Ya Ujerumani na Uholanzi, mbele ni kushoto.

Mzee wa Ngong: Sasa nimeelewa kwa nini wiki iliyopita niliruka usukani.

Jibu: Pole mzee. Meno yapo?

Mzee wa Ngong: Yapo yote. Miwani ndiyo haipo.