SOMO: Namba ya tapeli utaijua kwa kile inachokuomba

Habari za muda huu wakuu. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Tanzania, kibanda changu kipo jirani na kituo cha daladala, na watu nimewaona wakilizwa palepale dirishani. Juzi kaja mama mmoja, simu kaibana kwa bega, mikono inahesabu noti. Anataka kuweka 180,000 atume. Sauti ya upande wa pili naisikia vizuri: "Mama usikate simu, na wakala akikuuliza mwambie unamtumia mwanao." Nikachukua karatasi nikaandika HUYO NI MWIZI, nikaibandika kwenye kioo. Akaisoma mara mbili. Ameambiwa mwanawe kaanguka bwenini, yuko hospitali, daktari anasubiri hela ndipo amguse.

Sasa tuanze.

Hatua ya 1: Tarakimu za mwanzo na jina visikupe imani. Utasikia mtu anasema "inaanza na 075, na jina limekuja, basi ni mtu halali." Tangu Machi 2017 mtu anahama mtandao na namba yake ileile. Na jina? Laini tunasajili kwa alama za vidole, sawa, lakini kuna wazee na wanafunzi waliobonyezeshwa kidole mara mbili na msajili wa barabarani, laini ya pili ikaenda kwa mwizi. Jina linalokuja linaweza kuwa la bibi wa watu asiyejua lolote. Hebu piga *106# sasa hivi uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa (NIDA). Usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika waifunge.

Hatua ya 2: Sikiliza anataka ufanye nini. Hadithi zao ni nyingi: "ile hela tuma kwenye namba hii", mwenye nyumba kabadilisha laini, mwalimu wa shule ya bweni, kujiunga Freemason, mganga, umeshinda zawadi. Mwisho wake ni uleule: utume hela, utaje namba ya siri, usome tarakimu zilizoingia kwa meseji, au ubonyeze kitu huku yeye yuko hewani. Halafu ana haraka, na hataki uongee na mtu mwingine. Akikukataza kukata simu, huyo kata.

Anayejiita "huduma kwa wateja" akiwa na namba ya kawaida ya 07 au 06, achana naye. Mitandao yetu hukupigia kwa 100.

Hatua ya 3: Meseji ya "umepokea" usiiamini, angalia salio. Meseji halisi huingia kwa jina la huduma, kwenye mfululizo uleule wa miamala yako ya zamani. Ya tapeli imetoka kwenye namba ya mtu. Dakika mbili baadaye anapiga analia kakosea, umrudishie. Hata kama salio limeongezeka kweli, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige 100 mtandao ushughulikie.

Hatua ya 4: Mpigie wewe mwenyewe huyo anayetajwa kwenye hadithi, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Aliyokupa yeye isiguse.

Hatua ya 5: Ripoti. Tuma neno UTAPELI kwenda 15040, ni bure, kisha fuata maelekezo uweke namba ya tapeli. Meseji yake usiifute.

Hatua ya 6: Umeshatuma? Acha kulia kwanza, piga 100 papo hapo, uwe na namba ya muamala. Ikiwa hajaitoa, kuna nafasi ya kuizuia. Akishaitoa kwa wakala, shughuli inakuwa ya polisi, nenda kituoni ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nimekuta simu ya namba ya nje imeita mara moja ikakata. Nipige?*
Usipige. Kama haianzi na +255 na huna mtu nchi hiyo, anachotaka ni umpigie wewe vocha iteketee. Mchezo huu unaitwa wangiri, neno la Kijapani lenye maana ya kuita mara moja na kukata.

*Kuna jamaa alinibonyezesha \*21\* na namba fulani, eti anarekebisha mtandao. Tangu jana watu wanasema hawanipati.*
Umemhamishia simu zako zote. Bonyeza ##002# upige, inafuta. Halafu fungua WhatsApp uweke uthibitisho wa hatua mbili, maana tarakimu za kuingilia (code) zinaweza kuletwa kwa kupigiwa simu, na simu zilikuwa zinaingia kwake.

*Mimi huwa nawapotezea muda, nawaambia natafuta wakala, masaa mawili. Ni kosa?*
Raha yake naijua, nimewahi kufanya. Ila ukiongea sana unamwachia jina, mtaa na kazi yako, na kesho anakuja na hadithi iliyokukaa vizuri zaidi.

*Yule mama iliishaje?*
Alikata simu. Kwenye pochi alikuwa na fomu ya shule imekunjwa mara nne, ina namba ya mkuu wa shule. Nikampigia kwa simu yangu maana mikono yake ilikuwa inatetemeka. Akakaa kwenye ndoo yangu niliyoipindua, tukasubiri mtoto aitwe kutoka darasani. Alivyosikia "shikamoo mama", akanipa simu niongee mimi.